Konokono wamejaa kwenye tangi la samaki: namna ya kuwapunguza bila kuua samaki

Sehemu kubwa ya anachokula konokono ndani ya tangi la samaki ilitoka mkononi mwa mwenye tangi. Kama konokono 3 waliojificha kwenye jani wamekuwa 200 ndani ya miezi 2, basi kwa miezi hiyo 2 tangi lilikuwa na chakula cha kuwalea konokono 200: punje zilizozama kati ya kokoto, majani yaliyooza, utando wa kijani kwenye kioo. Ndiyo maana dawa ya dukani, hata ikiwaua wote leo, haimalizi kazi. Mayai yanabaki, yanaanguliwa, yanakuta chakula bado kipo, na baada ya wiki chache mtu anarudi palepale alipoanzia.

Maelekezo haya ni kwa wafugaji wa samaki wa nyumbani hapa Goma, na majirani wa Bukavu pia: tangi la kioo la lita 40 hadi 200, maji ya ziwa Kivu, umeme unaokatika bila taarifa, na mawe ya volkano kama pambo. Mambo hayo yanabadilisha kazi kuliko watu wanavyodhani, kwa hiyo tuanze nayo.

Kwa nini usiwaue wote kwa siku moja

Konokono aliyekufa huoza upesi, na nyama yake hutoa amonia. Ndani ya maji amonia huwa na sura mbili: moja samaki huivumilia kwa kiasi, nyingine huwachoma mashavu. Kinachoamua ipi itazidi ni pH ya maji, yaani kipimo cha asidi yake: namba ikiwa ndogo asidi ni nyingi. Kwenye pH 7 na joto la nyuzi 25, sehemu yenye sumu haifiki hata 1 kwa 100. Kwenye pH 9, na maji ya juu ya ziwa Kivu hukaa karibu na hapo, sehemu hiyo hupanda hadi kama 36 kwa 100. Idadi ileile ya konokono waliooza, ambayo samaki wa mtu mwenye maji ya kawaida wangepita nayo salama, kwa maji yetu inaweza kumaliza tangi zima kwa usiku mmoja.

La pili ni oksijeni. Goma iko karibu mita 1,500 juu ya bahari. Kwa joto lilelile, maji ya hapa hushika oksijeni pungufu kwa karibu moja ya sita kuliko maji ya Mombasa. Bakteria wanaoozesha konokono hula oksijeni hiyohiyo ambayo samaki anaitegemea. Umeme ukikatika saa 4 usiku na pampu ya hewa ikasimama, alfajiri utawakuta samaki wamepanga midomo juu ya maji.

Kwa hiyo shika tofauti hii: kuwatoa konokono wakiwa hai hakuna kikomo, toa hata 100 kwa usiku mmoja. Kuwaua wakiwa ndani ya maji ndiko kunakoleta msiba. Hata kuwaponda kwenye kioo kwa kidole ili samaki wale, jambo ambalo wengi hulipenda, lisizidi 4 au 5 kwa siku kwa tangi la lita 60, na vipande visivyoliwa vitolewe kabla ya saa moja kupita.

Jua una konokono gani

Zima taa ya tangi, subiri nusu saa, kisha rudi na tochi saa 3 au 4 usiku. Utaona wale wanaojificha mchana. Toa mmoja, muweke kwenye sahani nyeupe, ncha ya gamba ielekee juu na mdomo wa gamba ukuelekee wewe.

Mdomo ukiwa upande wa kushoto, gamba jembamba la kahawia lenye madoa, pembe za kichwani nyembamba kama uzi, huyo mara nyingi ni Physa. Ndiye mgeni wa kawaida kuliko wote; huja na majani na huonekana akitembea kichwachini, chini tu ya uso wa maji, kama aliyening'inia. Mdomo ukiwa kulia na pembe zikiwa pana za pembetatu, ni wa jamii ya Lymnaea, na huyu hutoboa hata majani mazima. Gamba lililokunjwa bapa kama kamba iliyozungushwa mezani ni la jamii ya Planorbidae. Gamba refu lililochongoka kama parafujo, la sentimita 2 hadi 3, ni la Melanoides tuberculata.

Watatu wa kwanza hutaga mayai ndani ya ute unaong'aa kama tone la gundi, kwenye kioo, chini ya majani, na ndani ya bomba la chujio. Kwa joto la nyuzi 25 mayai huanguliwa ndani ya wiki 1 hadi 2. Chumba chenye baridi huchelewesha. Kila mmoja wao ni dume na jike kwa wakati mmoja, na Physa aliyebaki peke yake anaweza kutaga mayai yenye uhai. Ndiyo maana hesabu ya "amebaki mmoja tu" haina faraja.

Melanoides ni kazi nyingine kabisa. Hatagi, huzaa watoto wadogo kama punje ya mchanga, na jike hahitaji dume. Mchana hulala ndani ya kokoto, usiku hutoka. Ana kifuniko kigumu kinachoziba mlango wa gamba, kwa hiyo anavumilia dawa, chumvi na ukavu kuliko wengine. Kwa upande mwingine hana ubaya mkubwa: anakula kilichooza na kuifukua kokoto isigande. Wakiwa wachache, waache. Ukiwaona mamia wamepanda kioo mchana kweupe, usikimbilie kuwafukuza. Huenda chini kwenye kokoto hakuna oksijeni tena au amonia imepanda. Badilisha robo ya maji kwanza, pima, halafu ndiyo ushughulike nao.

Konokono waliotoka ziwani au mtoni

Hapa tunaomba usome polepole, hasa kama watoto ndio wanaohudumia tangi.

Konokono wa jamii ya Biomphalaria ndio wanaobeba vibuu vya kichocho cha tumbo, ule ugonjwa unaoandikwa bilharziose kwenye kadi za vituo vya afya. Gamba lake ni bapa, na kwa macho matupu humtofautishi na Planorbidae wengine wasio na hatari. Wapo pia Bulinus, ambao mdomo wa gamba uko kushoto kama Physa, na kwingineko Afrika hubeba kichocho cha mkojo. Kwa hiyo umbo halikupi uhakika. Kinachokupa uhakika ni kujua konokono ametoka wapi.

Konokono hazaliwi na mnyoo wa kichocho. Humwingia baada ya kinyesi cha mtu mgonjwa kufika majini. Konokono walioanguliwa ndani ya tangi lako, kwenye maji ambayo hayakuguswa na kinyesi, hawana kichocho hata wakiwa elfu. Hatari iko kwa konokono mkubwa aliyeokotwa kwenye majani ya ufukwe, kwenye kijito au bwawa, na kwenye maji aliyokuja nayo. Vibuu hutoka zaidi wakati wa mwanga na joto la mchana na kupenya ngozi ya mkono; visipompata mtu, hufa ndani ya saa 48.

Basi maji ya ziwa yaliyochotwa karibu na majani yachujwe kwa kitambaa safi kizito ili konokono wasipite, kisha yakae kwenye bidoni iliyofunikwa kwa siku 2 kamili kabla mkono haujaingia. Konokono au majani ya porini yashikwe kwa glavu za mpira zisizotoboka. Aliyekwisha kushika kwa mikono mitupu na anapata muwasho, homa, au kuhara damu wiki kadhaa baadaye, aende kituo cha afya aseme wazi kwamba aligusa maji ya ziwa yenye konokono. Kipimo ni cha choo, mayai huanza kuonekana kama wiki 6 hadi 8 baada ya kuambukizwa, na dawa yake ni praziquantel.

Kwa maoni yetu, hakuna jani zuri la porini linalostahili usumbufu huo. Nunua au omba tawi kwa mwenye tangi mwenzako.

Punguza chakula kwanza, mtego baadaye

Mpangilio huu una sababu. Konokono mwenye shibe haingii mtegoni. Ukianza kwa kupunguza chakula, baada ya siku 3 au 4 watakuwa na njaa na watakimbilia chambo.

Lisha mara 1 kwa siku, kiasi ambacho samaki watamaliza ndani ya dakika 2. Kwa guppy (samaki wadogo wa mapambo) 10 waliokomaa hicho ni kidogo mno: kinachobanwa kati ya ncha za vidole viwili. Kaa uangalie. Punje ikifika chini na hakuna aliyeigusa, umezidisha. Siku 1 kila wiki usiwape kitu. Samaki mzima aliyekomaa hadhuriki. Watoto wa samaki ndio hawafungi: wape unga wa chakula mara 3 kwa siku, chembe kidogo sana, ikiwezekana kwenye beseni lao peke yao.

Mkate, wali na mabaki ya bugali yasiingie kabisa. Huvimba, huvunjika, hujificha chini ya mawe, na hapo huwa umefungua mgahawa wa konokono. Tangi nyingi zilizojaa konokono huwa na mtoto nyumbani anayewapa samaki mkate kwa upendo. Mwonyeshe punje za kuwapa, mpe zamu yake, na tatizo litapungua kwa nusu.

Toa majani yaliyogeuka manjano kabla hayajayeyuka. Kwangua utando wa kijani kwenye kioo mara 1 kwa wiki, na taa isizidi saa 6 hadi 8 kwa siku. Tangi linalopigwa na jua la dirishani litakuwa na utando, na penye utando konokono wa Physa hatalala njaa hata ukifunga chakula chote. Lihamishe. Kama una hita na samaki wako ni guppy, ishushe hadi nyuzi 23. Wataishi vizuri na konokono watazaana polepole zaidi.

Mtego wa chupa

Unahitaji chupa 1 ya plastiki ya nusu lita, kisu, msumari, jiwe dogo safi na chambo.

1. Kata chupa chini kidogo ya mabega, mahali inapoanza kuwa nyembamba. Geuza kichwa chake, mdomo uingie ndani ya mwili wa chupa kama faneli. Ondoa kizibo.
2. Pasha msumari, toboa matundu 15 hadi 20 ya milimita 2 kwenye mwili wa chupa ili maji yapite. Chupa isiyotobolewa huwa na maji yaliyokufa ndani, na konokono hawasikii harufu ya chambo.
3. Weka jiwe ndani ili isielee, kisha chambo: kipande cha tango, au jani la kabichi lililochemshwa dakika 2 likalainika, ukubwa wa kiganja cha mtoto. Kwa Melanoides, punje 2 za chakula cha samaki kinachozama ni bora kuliko mboga.
4. Laza chupa chini, ukingo wa faneli uguse kokoto. Konokono hatarukia mlango ulioning'inia sentimita 3 juu.
5. Weka saa 2 usiku baada ya kuzima taa, toa saa 12 asubuhi kabla mwanga haujaingia vizuri. Ukichelewa hadi saa 3 wengi watakuwa wametoka, na mboga itakuwa imeanza kuoza.

Kinachoharibika mara nyingi ni samaki mdogo kuingia na kushindwa kutoka. Kama una guppy wachanga, acha chupa utumie jani la kabichi tupu lililofungwa kwenye jiwe. Asubuhi linyanyue polepole, beseni likiwa tayari kando, maana konokono wanaoshtuka hujiachia na kudondoka.

Andika idadi ya kila asubuhi kwenye daftari. Usiku wa kwanza unaweza kuwapata 60, wa pili 70, wa tatu 45. Fanya usiku 5 mfululizo, pumzika 2, rudia. Idadi itashuka, kisha karibu wiki ya tatu ipande tena kidogo kwa konokono wadogo sana: hayo ni mayai yaliyokuwepo yakianguliwa. Wengi hukata tamaa hapo na kukimbilia dawa. Endelea. Kwa tangi la lita 60, wiki 6 hutosha kufika mahali unapopata chini ya 5 kwa usiku, na idadi hiyo haimsumbui mtu.

Kunyonya kokoto na kuondoa mayai

Mara 1 kwa wiki nyonya chini kwa mpira wa upana wa milimita 12 hivi, ukiuzamisha ndani ya kokoto eneo kwa eneo, hadi umetoa robo ya maji. Mwagia kwenye ndoo kupitia chujio la chai. Konokono na watoto wao watabaki kwenye chujio. Kokoto ya kina cha sentimita 3 inatosha kwa tangi lisilo na majani yenye mizizi mirefu. Kina cha sentimita 8 ni hifadhi ya Melanoides, na hakuna mpira utakaowamaliza humo.

Mayai ya kwenye kioo yakwangue kwa kadi ya zamani ya simu, kutoka chini kwenda juu, na uyatoe nje ya maji. Ukiyakwangua yakaanguka kwenye kokoto hujafanya kitu. Ute huo hauhitaji kushikamana ili yaanguliwe.

Chujio lisisahaulike. Fungua kichwa cha pampu, toa sumaku inayozunguka, utakuta konokono wadogo wameingia hadi kwenye ekseli. Pampu inayonguruma au inayotoa maji kwa mikupuo mara nyingi imekwama gamba. Sponji lioshe kwa maji ya tangi uliyoyanyonya, lisioshwe kwa maji ya bomba: klorini huua bakteria wanaokula amonia. Kisha vika mdomo wa kuvutia maji kipande cha soksi ya nailoni, ukifunge kwa mpira wa pesa, na ukisuuze kila siku 3 kisizibe.

Maji mapya yawe na joto sawa na ya zamani. Kama yametiwa klorini, ya bomba au yale yanayotiwa matone kwenye bidoni ufukweni, yakae kwenye beseni wazi saa 24, yakikorogwa mara kadhaa. Maji ya mvua ya bati yanavutia kwa kuwa ni ya bure, lakini mvua inayopita kwenye moshi wa Nyiragongo huweza kuwa na asidi na floridi, na bati lenyewe hutoa zinki. Tusingeyapeleka kwenye tangi.

Samaki wanaokula konokono

Wazo ni zuri, na ukanda wetu una samaki wa namna hiyo wa asili. Astatoreochromis alluaudi, anayepatikana kwenye maziwa ya Victoria na Edward, ana mifupa kooni ya kuponda magamba, na aliwahi kusambazwa kwenye mabwawa ya Afrika ili apunguze konokono wa kichocho. Matokeo hayakuridhisha. Sababu moja inamhusu mfugaji moja kwa moja: samaki huyu akilelewa kwa chakula laini, mifupa hiyo haikui imara, na akikutana na konokono hamgusi. Juu ya hayo ni mkali na hukua kupita tangi la lita 100.

Tetraodon mbu wa bonde la Kongo na Tanganyika huponda konokono kama karanga, ila hufika zaidi ya sentimita 60. Hafai nyumbani. Konokono mla konokono wa Asia, Anentome helena, husifiwa na wafugaji wa nchi nyingine. Kumleta mnyama wa namna hiyo kando ya ziwa Kivu ni kosa ambalo halirudishwi nyuma akishatoroka. Samaki wa dhahabu akiwepo tayari atakula mayai na konokono wadogo laini. Mchukulie kama msaidizi, usimnunue kwa kazi hiyo.

Dawa

Shaba ndiyo sumu inayojulikana kwa konokono, nayo huuzwa kwa sura nyingi, hata unga wa buluu wa wakulima. Usiitie. Kiasi kinachoua konokono hakiko mbali na kinachoua samaki, na maji ya Kivu, yenye chumvichumvi nyingi za madini na pH ya juu, huifunga shaba ikatulia chini isifanye kazi. Mtu huona konokono bado wanatembea, anaongeza, anaongeza tena. Siku akibadilisha maji kwa maji laini yenye pH ndogo, shaba iliyolala kwenye kokoto na mawe hurudi majini kwa pamoja. Mawe ya volkano yenye matundu huihifadhi kwa muda mrefu, na uduvi hautaishi tena humo.

Niclosamide, inayotumiwa kuua konokono wa kichocho kwenye vijito, huua samaki pia. Chumvi ya jikoni kwa kiwango cha kumdhuru Melanoides itakuwa imeshaua majani yako yote.

Majani mapya: hapa ndipo mlango ulipo

Karibu konokono wote huja na majani, waliobaki na maji ya mfuko wa samaki au ndoo iliyoazimwa. Samaki wapya wahamishwe kwa wavu, maji ya mfuko yamwagwe.

Majani magumu kama Anubias hustahimili javeli, ile dawa ya klorini ya kung'arishia nguo. Angalia nguvu yake kwenye chupa. Ya asilimia 2.6: kipimo 1 kwa maji vipimo 9. Ya asilimia 5: kipimo 1 kwa vipimo 19. Ile nzito ya asilimia 9.6: kipimo 1 kwa vipimo 37. Isiwe na harufu ya limau wala sabuni. Zamisha dakika 2 kwa saa mkononi, suuza mara 3, kisha loweka saa 24 kwenye maji safi uyabadilishe mara 2. Likinuka javeli bado, ongeza siku. Javeli iliyokaa juani kwenye kibanda hupoteza nguvu, na hiyo ndiyo sababu kubwa ya mayai kupona.

Majani laini, kama Ceratophyllum, Vallisneria na kuvumwani, huyeyuka kwa javeli. Hayo yaloweke kwenye shabu, ile ya kutuliza maji machafu, gramu 10 kwa kila lita kwa saa 3. Kijiko cha supu kilichojaa unga wa shabu ni kama gramu 15, kinatosha lita 1 na nusu. Ukitumia maji ya ziwa yatageuka meupe kama ya kuoshea mchele, ni kawaida. Shabu huua konokono vizuri lakini mayai si yote, kwa hiyo baada ya kusuuza weka majani kwenye beseni jeupe peke yake kwa wiki 4, karibu na mwanga, na punje 1 ya chakula cha samaki kila wiki ili aliyeanguliwa ajitokeze. Beseni jeupe lina kazi yake: konokono wa milimita 1 haonekani kwenye beseni la buluu.

Ukiamua kuvunja tangi na kuanza upya

Fanya hivi kwa Melanoides waliozidi, au kwa konokono wa porini wasiojulikana. Vaa glavu.

Samaki waende kwenye beseni lenye maji yao ya zamani na hewa. Kokoto ichemshwe dakika 10 tangu ianze kutokota; kwa mwinuko wetu maji huchemka kama nyuzi 95, na hizo zinatosha, maana nyuzi 60 tu konokono hapiti. Mawe ya volkano yasitupwe kwenye maji yanayochemka wala motoni: hewa na unyevu vilivyofungwa ndani vinaweza kuyapasua yakakurukia usoni. Yaanze kwenye maji baridi, moto wa polepole, yatokote dakika 20, yapoe humohumo. Kukausha juu ya bati kwa wiki 3 humwua Physa, lakini Melanoides akifunga kifuniko chake ndani ya tundu la jiwe huenda akavumilia.

Tangi lenyewe na mabomba jaza javeli ya kipimo kilekile cha majani magumu, iache humo usiku mzima, mwaga, suuza, kausha siku 2. Sponji ndilo linalouma: ukilichemsha unaua konokono pamoja na bakteria wote. Njia nzuri ni kuomba kipande cha sponji kutoka tangi lisilo na konokono. Ukikosa, lichemshe, rudisha samaki wachache kwanza, lisha kidogo, na badilisha sehemu 1 ya tano ya maji kila siku 2 kwa wiki 4.

Waliotolewa waende wapi

Wamwagie maji yanayochemka kwenye ndoo, acha dakika 5, kisha wafukie kwenye bustani kina cha kiganja; magamba yao ni chokaa na mboga hufaidika. Bata na kuku huwapenda, ila wapewe waliochemshwa tu, kwa sababu konokono wabichi hubeba minyoo inayoingia kwa ndege, na wasiwe wametoka kwenye tangi lililotiwa shaba. Ndoo ya konokono hai, majani yaliyotupwa, wala maji ya kunyonyea kokoto visimwagwe kwenye mtaro unaoelekea ziwani. Mwaga maji hayo kwenye udongo mkavu, mbali na kijito, ambako hakuna konokono atakayefika majini.